Kutoka Gobore hadi Magazini: Silaha na Utawala Bujumbura

Historia ya Bujumbura, mji ulioitwa Usumbura hadi Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962, imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya wafalme, maofisa na vyama, lakini sehemu kubwa ya historia hiyo yaweza kufuatwa pia kupitia chombo kidogo kisichotajwa sana, nacho ni kile kinachoilisha silaha risasi. Katika silaha za kisasa chombo hicho huitwa magazini: kisanduku chembamba cha bati la chuma, chenye springi ndani yake na kibao kinachozisukuma risasi juu, moja baada ya nyingine, ili ziingie kwenye chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hulipukia. Nani alikuwa nacho na nani alinyimwa ni swali lililoamua mengi katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika.

Livingstone na Stanley walipoabiri kutoka Ujiji hadi nchi ya Uzige, mahali ulipo mji huo leo, mnamo Novemba 1871, bunduki iliyokuwa ikienea pamoja na misafara ya pwani ilikuwa gobore, ambayo hujazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa mti. Mwenye gobore alifyatua mara moja, kisha akabaki bila ulinzi wakati akishindilia upya, na kwa hiyo wapiganaji wengi wenye mikuki na mishale, wanaozijua njia za milima yao, waliweza kumkabili. Ndiyo maana Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mfanyabiashara aliyejulikana zaidi kama Rumaliza, ambaye nguvu zake zilitanda kutoka Ujiji kandokando ya ziwa, hakuweza kuuvunja ufalme wa Mwezi Gisabo, ingawa wafuasi wake walikuwa na bunduki na Warundi kwa sehemu kubwa hawakuwa nazo.

Tofauti kati ya gobore na bunduki mpya za Ulaya iligeuzwa kuwa sheria. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ambao husifiwa kwa kupiga vita biashara ya watumwa, uliweka pia mipaka ya uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika: bunduki za kisasa zenye mtutu uliochongwa mifuo ndani zilizuiwa zisiwafikie wenyeji, huku zile za gumegume, zinazowashwa kwa cheche ya jiwe, na baruti ya kawaida zikiruhusiwa kwa masharti. Miongoni mwa waliotia saini walikuwemo madola yaleyale yaliyokuwa yakigawana bara hili, na si haki kuusoma mkataba huo kama tendo la huruma peke yake, kwa kuwa ulimwachia Mwafrika silaha ya zamani na kumhifadhia mtawala silaha ya wakati wake.

Hata hivyo askari wa Kiafrika waliolitumikia jeshi la Wajerumani, lililoanzisha kituo chake Usumbura mwaka 1897, hawakupewa mara moja kilicho bora. Wengi wao walibeba Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya milimita 11 isiyo na magazini, iliyotiwa risasi moja kwa mkono kila mara, na ambayo baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Silaha hiyo ilikuwa bado mikononi mwa askari wengi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914. Katika hali hiyo Kapteni von Beringe alimwendea Mwezi Gisabo kwa nguvu mwaka 1903, akisaidiwa na wapinzani wa mfalme, Kilima na Maconco, hadi yakafikiwa makubaliano ya Kiganda ya mwezi Juni. Risasi peke yake haikumshinda Mwezi. Mgawanyiko ndani ya ufalme ulichangia pakubwa.

Wakati huohuo, huko Herstal karibu na mji wa Liège, kiwanda cha Fabrique Nationale, kilichoundwa mwaka 1889 ili kutengeneza Mauser 150,000 zenye magazini ya risasi 5 kwa serikali ya Ubelgiji, kilikuwa kimeungana na Mmarekani John Browning. Kutokana na ushirikiano huo zilizaliwa bastola nusu-otomatiki, yaani zile ambazo nguvu ya mlipuko hulirudisha nyuma kasha la juu liitwalo slaidi, ganda likatupwa nje na risasi mpya ikachukuliwa kutoka kwenye magazini iliyo ndani ya mpini, ingawa kila mlio huhitaji triga ivutwe upya. Bastola ya Herstal ya mwaka 1910 ndiyo Gavrilo Princip aliyoifyatua Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 alipomuua mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, na vita vilivyofuata viliwaleta Usumbura, mnamo Juni 1916, wanajeshi wa Ubelgiji waliotoka Kongo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi karakana ya mbali ilivyofungamana na hatima ya mji huu.

Browning alifariki kiwandani Herstal mwaka 1926, na kazi yake ikakamilishwa na Mbelgiji Dieudonné Saive, ambaye mchango wake mkubwa ulikuwa magazini yenyewe. Badala ya kupanga risasi katika safu moja, Saive alizipanga mbilimbili kwa kupishana, kisha akaibana sehemu ya juu ya kisanduku ili zitoke moja moja, na kwa njia hiyo bastola iitwayo High Power, iliyokubaliwa na jeshi la Ubelgiji mwaka 1935, ikabeba risasi 13 katika mpini unaoshikika vizuri. Usumbura ulikuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji wakati bastola hiyo ilipokuwa silaha rasmi ya dola tawala, nayo baadaye ilienea katika majeshi ya nchi zaidi ya 50.

Uvumbuzi huo uliongeza risasi, lakini pia ulifanya magazini kuwa kiungo kinachostahili kuangaliwa kuliko vyote. Bastola nusu-otomatiki inapokwama, mtunza ghala la silaha mwenye uzoefu huichunguza magazini kabla ya mtutu. Midomo yake, yaani kingo mbili za juu zinazoizuia risasi isiruke, ikipanuka kidogo, risasi huinuka mapema na kugonga ukingo wa chemba. Ikibanwa, risasi hushindwa kutoka. Springi iliyochoka haiiinui risasi kwa wakati, hivyo slaidi hupita juu yake na kufunga chemba tupu, na mchanga au kutu ndani ya kisanduku hukizuia kibao kupanda. Kwa sababu hiyo magazini ya kutegemewa haijulikani kwa kung'aa kwake. Hujulikana kwa kujazwa kamili na kufyatuliwa yote, mara nyingi, katika bastola ileile itakayotumika, na inayokwama hutengwa badala ya kurudishwa rafuni. Wajerumani waliokubali bastola ya Luger jeshini mwaka 1908 walilielewa jambo hili, kwani kila magazini yake ya risasi 8 iligongwa namba ya bastola iliyotoka nayo. Utaratibu huo ulikuwa wa busara na inasikitisha kwamba haukurithiwa kila mahali.

Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 viliujaza mji silaha za aina nyingine, hasa bunduki ya AK yenye magazini nzito iliyopinda ya risasi 30, pamoja na gruneti zilizokatisha maisha ya watu wengi wasio na hatia katika mitaa yake. Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalifungua njia ya amani, Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 ikazitaka nchi za ukanda huu kuzitia alama na kuziorodhesha silaha zao, na mwaka 2009 Burundi ikatunga sheria ya silaha ndogondogo na nyepesi, huku raia wakihimizwa kuzisalimisha.

Katika mfumo huo wote magazini ilibaki pembeni. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu bunduki, inapotoa mifano ya sehemu muhimu za silaha, hutaja mtutu, fremu, slaidi na nyinginezo, lakini haiitaji magazini kwa jina. Namba ya utambulisho hugongwa kwenye silaha, na kisanduku chake huweza kuhama mkono hadi mkono bila kuacha kumbukumbu. Pengo hilo lina uzito, kwa kuwa bastola bila magazini hubaki na risasi moja tu, iliyotiwa kwa mkono. Na High Power, kwa takwa la jeshi la Ufaransa lililoagiza kubuniwa kwake, ilitengenezwa isifyatuke kabisa magazini ikiwa imechomolewa.

Mwaka 2018 kiwanda cha Herstal kilitangaza kusitisha utengenezaji wa bastola hiyo. Jina lake lilirudi mwaka 2022 kwenye bastola mpya ya risasi 17, lakini magazini zake haziingiliani na zile za zamani, hivyo maghala ya dola yanayoendelea kuhifadhi High Power za kizazi cha Saive hutegemea akiba ya zamani au nakala za viwanda vingine, ambazo kila moja hulazimika kujaribiwa kivyake kabla ya kukabidhiwa askari.