Mipangilio ya Baiti Isiyovunjwa: Miaka 30 na Zaidi ya Linux

Programu inapotaka kujua ukubwa wa faili au saa ya sasa, huipa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, eneo la kumbukumbu ili ilijaze: baiti za mwanzo zina kazi hii, zinazofuata zina kazi nyingine. Mpangilio huo ukishaanza kutumika, haubadilishwi kiholela, kwani programu zilizokwisha kujengwa zitaendelea kusoma pale pale. Ni kama kivuko kipya kwenye gati za zamani: kivuko MV Jambo kilipofika Mombasa kutoka Uturuki mwaka 2017, ilibidi kishushe mlango wake kwenye gati zile zile za Feri na Likoni.

Linux, iliyotangazwa na Linus Torvalds tarehe 25 Agosti 1991, sasa imo katika kila simu ya Android inayobebwa na abiria wa kivuko hicho. Kwenye chipu za Intel za biti 32 muundo wa kueleza faili, uitwao stat, umepitia matoleo matatu. La tatu, stat64, lilihitajika kwa sababu faili zilikuwa zimeanza kupita gigabaiti 2. Matoleo ya zamani hayakutupwa.

Uzito wa kanuni hiyo ulionekana Desemba 2012. Badiliko moja katika sehemu ya video lilifanya kerneli irudishe namba tofauti ya kosa, na programu za sauti zikaharibika. Haukuwa hata muundo uliobadilika. Ilikuwa namba tu. Msimamizi wa sehemu hiyo alidokeza kwamba kasoro ilikuwa ya programu za sauti. Torvalds akamjia juu kwa barua ya matusi: badiliko la kerneli likivunja programu, kosa ni la kerneli, na mtumiaji halaumiwi. Mwaka 2018 aliomba radhi kwa ukali wake wa miaka mingi, na alistahili kuomba. Kanuni yenyewe, hata hivyo, ni ya haki, na vyuo vyetu vinavyofundisha kuunganisha mifumo ya malipo vingefaa kuipa kipindi kizima.

Njia iliyokuja kushika ya kupanua muundo bila kuvunja programu za zamani ni kutaja ukubwa wake. Windows iliitumia zamani: miundo yake mingi huanza na uga wa idadi ya baiti. Kwenye Linux ilionekana katika miito ya kerneli, yaani maombi ambayo programu huipelekea: perf_event_open mwaka 2009, kisha clone3 mwaka 2019 na openat2 mwaka 2020. Programu ya zamani ikileta muundo mfupi, kerneli hujaza sifuri mahali palipobaki. Ikija programu mpya kwenye kerneli ya zamani, baiti za ziada zikiwa sifuri hupita. Zikiwa na kitu, ombi hukataliwa. Hivyo sifuri lazima imaanishe “kama zamani”, na anayeongeza uga hana ruhusa ya kuipa maana nyingine.

Hesabu ya muda haikuokolewa na hila hiyo. Sekunde zinazohesabiwa tangu 1970 katika biti 32 zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Mombasa, kisha tarehe irudi Desemba 1901. Linux 5.1 ya mwaka 2019 iliongeza miito mipya ya biti 64 kando ya ile ya zamani. Debian 13, toleo la mfumo unaojengwa juu ya Linux, lililotoka Agosti 2025, limehamisha mashine zake za biti 32 kwenye hesabu mpya, isipokuwa i386, yaani zile za chipu za Intel za biti 32, iliyoachwa ilivyo ili programu zake za zamani ziendelee kufanya kazi.