Hofu Ivunjayo Ujirani

Huenda baadhi yenu mmekisoma Shamba la Wanyama, kitabu kilichotiwa katika Kiswahili na Fortunatus Kawegere mwaka wa 1967. Mtungaji wake alikuwa Mwingereza, George Orwell. Leo nataka kueleza habari za kitabu chake cha mwisho, Nineteen Eighty-Four, yaani mwaka wa 1984. Ni hadithi ya nchi mbaya isiyokuwako, iliyotungwa ili kutuonya; nayo yaonyesha jinsi hofu iwezavyo kufinyanga watu kama mfinyanzi afinyangavyo udongo.

Orwell hakuyatunga hayo kwa kuota tu. Mwisho wa mwaka wa 1936 alikwenda Hispania kuipigania serikali ya jamhuri. Mwezi wa Mei 1937 alipigwa risasi ya shingo, akapona. Lakini mwezi uliofuata kundi alilopigana nalo lilipigwa marufuku na upande ule ule waliokuwa wakiutetea, likasingiziwa kuwa ni la adui. Rafiki zake walitiwa gerezani. Naye alilala magofuni mjini Barcelona, hata yeye na mkewe wakapata kuvuka mpaka wa Ufaransa. Kitabu chake kilitolewa Juni 1949, naye akiwa mgonjwa wa kifua kikuu. Akafa Januari 1950, umri wake miaka 46.

Katika hadithi hiyo yumo Winston Smith wa London, ambaye kazi yake ni kubadili magazeti ya zamani, ili uongo wa watawala usijulikane. Ukutani mwa nyumba yake kipo chombo kimwonacho na kumsikia. Hajui ni saa gani anatazamwa. Basi huishi kana kwamba anatazamwa daima. Hapana haja ya kuweka askari mlangoni pake, maana yeye mwenyewe amekuwa askari wa uso wake. Jirani yake, Parsons, ni mtu mtiifu sana. Lakini usiku mmoja anamlaani mtawala usingizini, na binti yake wa miaka saba anasikia na kumshtaki kwa polisi. Naye baba, akiwa kifungoni, anajivunia mtoto huyo! Mwisho Winston anatishwa kwa panya, wanyama anaowaogopa kuliko vitu vyote, naye analia kwamba mateso yale apewe Julia, mwanamke ampendaye. Hapo watesi wake wanaridhika. Walichotaka kuua si mwili wake, bali ni upendo wake.

Mambo ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kutendeka Urusi siku za Stalin. Katika miaka ya 1937 na 1938, kwa hesabu ya polisi wa siri wenyewe, watu zaidi ya 680,000 walihukumiwa na kupigwa risasi. Waliokamatwa waliteswa mpaka wawataje wenzao, na kila jina likazaa majina mengine. Watoto walifundishwa kumsifu Pavlik Morozov, kijana aliyesemekana kuwa alimshtaki baba yake. Hata Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi hao katika miaka ile, aliuawa mwaka wa 1940, na sura yake ikafutwa katika picha aliyopigwa pamoja na Stalin. Moto haukumjua aliyeuwasha.

Wala hayakukoma hapo. Ujerumani ya Mashariki iliunda polisi wake wa siri, Stasi, mwaka wa 1950. Ilipofika mwaka wa 1989, watumishi wao walikuwa zaidi ya 90,000, na wapelelezi wa kificho zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu milioni 16 hivi. Serikali ile ikaanguka, na mwaka wa 1992 watu wakaruhusiwa kusoma majalada yao. Wengine waliona ya kuwa aliyewapeleleza ni rafiki wa siku zote, wengine ni mume. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tusiseme, hayo ni ya Ulaya, hayatuhusu. Mimi nami nilimwagiza kiranja aandike kwa siri majina ya wapiga kelele, nami nikawaadhibu walioandikwa. Darasa likatulia, nikafurahi. Baada ya majuma machache niliona ya kuwa watoto hawaazimani kalamu, wala hawaelezani hesabu, kwa kuwa kila mmoja amwogopa mwenzake. Utulivu nilioupata ulikuwa utulivu wa makaburini. Nikaichana ile orodha mbele yao, nikawaomba radhi.

Katika kitabu cha Orwell, Winston na Julia wanakutana tena, na kila mmoja anakiri kwamba alimsaliti mwenziwe. Kisha wanaachana baridi, kama wageni. Hapo ndipo hofu imeshinda kabisa. Petro naye, aliyechomoa upanga bustanini, alimkana Bwana wake mbele ya kijakazi. Lakini alitoka nje akalia, na baadaye akarudishwa na kupewa kazi ya kulisha kondoo. Basi, ndugu yangu, kama hofu imekutenganisha na jirani yako, usingoje yeye aje. Inuka, uende ukabishe hodi mlangoni pake.