Kengeleni: Kijiji Kilichogeuka Mji

Wengi wenu leo mmeshukia kituo cha Kengeleni. Makondakta hulitaja jina hilo kutwa kucha, lakini ni wachache wanaojua lilikotoka.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kuipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, baada ya Uingereza kumtuma Sir Bartle Frere kumshinikiza. Waliookolewa majahazini walihitaji makao. Church Missionary Society ikanunua ardhi hapa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kufikia 1875 kijiji cha Freretown kilikuwa kimeanza.

Wayao, Wamakua na Wanyasa walijikuta majirani, pamoja na Waafrika waliolelewa Nasik, India. Hawakuwa na ukoo mmoja wala lugha moja ya mama. Kiswahili kikawaunganisha, na kengele ikawapangia siku: kazi, shule, ibada. Wazee husimulia kwamba ililia pia kuwaonya watu wavamizi walipokaribia. Mnara wake ungalipo, na ndio ulioipa Kengeleni jina.

Kwa miaka mingi tulivuka kwenda kisiwani kwa mashua. Mwaka 1931 likafunguliwa daraja la kuelea la Nyali, ambalo wavukaji walililipia. Mwaka 1980 likaja daraja la zege tunalolitumia sasa, na hapo mji ukatufuata. Mashamba ya minazi yakawa mitaa, soko la Kongowea likavuta wachuuzi kutoka kila pembe, na ghorofa zikaota palipokuwa na nyumba za makuti. Leo Freretown ni wadi katika eneobunge la Nyali.

Maendeleo hayo tunayashukuru, ila yana gharama. Familia za asili zimetawanyika, na kila mzee anapozikwa tunazika sura nzima ya historia isiyoandikwa.

Hata hivyo, tazameni kwaya yetu: Mmijikenda, Mkamba, Mluo, Mluhya na wajukuu wa Freretown katika safu moja, wakiimba kwa Kiswahili. Kijiji hiki kilianzishwa na wageni waliokubali kuwa ndugu, na bado kinaendelea hivyo.

Vijana, yubile hii isipite bure. Chukueni kalamu, mkae na wazee wetu, mwandike majina na masimulizi yao wangali nasi.

Katibu wa Kwaya