Giaboksi ya otomatiki

giaboksi *nomino, ngeli ya I-ZI* (giaboksi hii, giaboksi hizi). Kisawe: *sanduku la gia*, ambalo huonekana zaidi katika maandishi kuliko katika mazungumzo ya gereji. Wingi *magiaboksi* husikika mitaani, lakini haufai katika maandishi rasmi.

Maana

Giaboksi ni chombo kilicho kati ya injini na propela. Kazi yake ni kubadili uwiano wa mizunguko ya injini na ya magurudumu, ili gari lipate nguvu ya kuondoka na mzigo, kisha lipate mwendo likishaondoka. *Giaboksi ya otomatiki* ni ile inayojibadilishia gia bila dereva kukanyaga klachi. Kinyume chake ni *giaboksi ya mkono*, ambayo madereva huiita *manyuali*.

Giaboksi na *gia* si kitu kimoja. Gia ni hatua mojawapo ya mwendo, au jino linaloiwezesha hatua hiyo. Giaboksi ni chombo kizima. Anayesema *gia ya tatu haiingii* ametaja kasoro moja. Anayesema *giaboksi ni mbovu* ametoa hukumu juu ya chombo chote.

Neno na gharama yake

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa mahali ambapo fundi yuko mbali. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi hupita Kibiti, huvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, hufika Somanga, kisha Nangurukuru, inakochepuka njia ya Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, ndipo huendelea kuvuka mto Mbwemkuru hadi Lindi. Malori hupita humo na korosho, ufuta, saruji na jasi ya Kilwa. Mei 2024, mvua kubwa zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo wilayani Kilwa, na magari yakakwama kwa siku kadhaa.

Lori la kisasa likiharibika katikati ya safari hiyo, tiba ya kwanza huwa ni simu. Dereva hueleza, fundi husikiliza, na kutokana na maneno hayo fundi huamua spea na vifaa vya kupakia. *Giaboksi imekufa* ni maelezo yanayoweza kusababisha giaboksi nzima kushushwa, hali kasoro ilikuwa bomba la upepo lililopasuka.

Vitenzi vinavyoambatana na gia

*Kugoma* au *kutoingia*: gia haikubali kushika. Katika malori mengi yenye klachi inayoendeshwa na kompyuta, gia huhamishwa kwa nguvu ya *upepo*, yaani hewa iliyoshindiliwa, ileile inayoendesha breki. Upepo ukipungua, gia hugoma ingawa giaboksi ni nzima. Betri dhaifu au waya uliokatika huleta dalili hiyohiyo.

*Kuteleza*: mizunguko ya injini inapanda lakini mwendo hauongezeki. Neno hili huashiria klachi iliyolika, au mafuta yaliyopungua au kuungua.

*Kuchomoka*: gia imeingia, kisha inatoka yenyewe gari likiwa katika mwendo. Hili huelekeza zaidi kwenye uchakavu wa ndani.

*Kung'ang'ania*: giaboksi inabaki katika gia moja na taa ya tahadhari inawaka. Mara nyingi kompyuta ya gari ndiyo iliyozuia gia nyingine ili kuepusha uharibifu zaidi. Hapo huhitajika kifaa cha kusomea kasoro kabla ya spana.

*Kufa*: hutumika kwa ubovu wowote mkubwa. Ni neno la hisia. Halifai katika ripoti ya ufundi, madai ya bima wala barua kwa muuza spea.

Linganisha:

– *Giaboksi imekufa hapa Somanga.*

– *Injini inawaka vizuri, lakini gia haziingii. Mshale wa upepo uko chini, na kuna mlio wa hewa inayovuja karibu na giaboksi.*

Sentensi ya pili humwezesha fundi kuja na bomba na viungio vyake, si na winchi ya kushushia giaboksi.

Otomatiki ni zaidi ya moja

Katika Kiswahili cha barabarani, lori lolote lisilo na pedali ya klachi huitwa *otomatiki* au *oto*. Jina hilo hukusanya mitambo isiyofanana.

1. *Giaboksi ya otomatiki yenye tokikonveta*. Nguvu ya injini hupita katika mafuta yanayosukumwa kwa kasi ndani ya tokikonveta, bila klachi ya kawaida kati ya injini na giaboksi. Giaboksi za Allison ni za aina hii.

2. *Giaboksi ya otomatiki yenye klachi*. Kimsingi ni giaboksi ya mkono, isipokuwa klachi na gia huendeshwa na kompyuta. I-Shift ya Volvo, iliyoanza mwaka 2001, na Opticruise ya Scania ni mifano yake. Pedali imeondolewa, lakini klachi ipo na huisha kama klachi nyingine yoyote.

3. *Aina ya kati*. Baadhi ya matoleo ya Smoother ya Isuzu yana kiungo cha mafuta na klachi pamoja.

Kwa hiyo sentensi *gari la otomatiki halina klachi* ni sahihi kwa aina ya kwanza tu. Dereva wa aina ya pili anayeizuia semi-trela mlimani kwa kukanyaga kidogo mafuta badala ya breki huichoma klachi asiyoijua. Mwalimu wa udereva na mfasiri wa kitabu cha gari wanapaswa kutaja aina, si jina la jumla pekee.

Mafuta, oili, haidroliki

*Mafuta* humaanisha dizeli, kilainishi, hata ya kupikia. Agizo *angalia mafuta* halimwambii dereva aangalie nini. *Oili* bila nyongeza hueleweka kuwa ya injini. Mafundi wengi wa Tanzania huyaita mafuta mepesi ya giaboksi ya tokikonveta *haidroliki*, jina ambalo hutumika pia kwa mafuta ya usukani. Aina yenye klachi hutumia mafuta ya giaboksi ya namna nyingine, na kubadilishana mafuta hayo ni kuharibu chombo.

Namna ya kupima nayo hutofautiana. Giaboksi nyingi za tokikonveta hupimwa injini ikiwa inazunguka na mafuta yamepata moto. Zile zenye klachi kwa kawaida hupimwa injini ikiwa imezimwa. Tafsiri iliyo salama ni ile inayotaja chombo, aina ya mafuta na hali ya injini: *Pima mafuta ya giaboksi lori likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa.*

Kusukuma, kuvuta, kuweka frii

*Kuwasha kwa kusukuma* ni desturi ya magari ya manyuali. Katika giaboksi ya tokikonveta haiwezekani: pampu ya mafuta huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezima hakuna shinikizo la kushika gia.

*Kuvuta* ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Lori linapovutwa magurudumu ya nyuma yakiwa chini, propela huzungusha sehemu ya nyuma ya giaboksi huku ulainishaji wake umesimama, kwa aina ya tokikonveta na ya klachi pia. Kilomita chache zinaweza kugeuza kasoro ndogo kuwa ovaholi. Ndiyo maana watengenezaji wa malori huagiza propela ifunguliwe, au ekseli zichomolewe, kabla ya kuvuta. Tafsiri *weka frii kisha vuta* haitoshi, kwani frii haifungui propela. Iandikwe: *Fungua propela kwanza, ndipo lori livutwe.*

*Kuteremka na frii* ili kuokoa dizeli ni kosa vilevile: lori hupoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo, na mzigo wote hubaki juu ya breki.

Makosa ya tafsiri

Neno la Kiingereza linalotumika kwa mfumo huu lina pia maana ya kuenea kwa ugonjwa na ya kurusha matangazo. Programu za kutafsiri zinaweza kuleta *maambukizi ya otomatiki* au *matangazo ya otomatiki* katika kitabu cha lori. *Upitishaji* haumpotoshi msomaji, lakini haumwoneshi chombo. *Giaboksi* linatosha. Pia *giaboksi ya kujiendesha* liepukwe, kwani *kujiendesha* humfikirisha msomaji gari lisilo na dereva.

Kushusha, kufungua, kupandisha

*Kushusha giaboksi* ni kuitoa garini. *Kufungua* ni kuitenganisha vipande. *Kupandisha* ni kuirudisha. Katika hati ya malipo vitenzi hivi visichanganywe, kwani giaboksi inaweza kushushwa ili klachi ibadilishwe bila yenyewe kufunguliwa. Mwenye lori anayesoma *kufungua* ana haki ya kuuliza kilichoonekana ndani.

Matumizi ya kitamathali

*Kubadili gia angani*: kugeuza uamuzi ghafla, jambo likiwa limekwisha kuanza. Msemo huu ulivuma Tanzania wakati wa uchaguzi mkuu wa 2015. *Kuingia na gia ya* jambo fulani: kulitumia kama kisingizio cha kumkaribia mtu. Matumizi haya ni ya mazungumzo.

Bahari ilitangulia kuipa barabara maneno: *usukani* ulikuwa wa chombo cha majini kabla ya kuwa wa gari, na *shehena* ilijaa jahazi kabla ya kujaa lori. *Giaboksi* lilikuja baadaye na chombo chenyewe. Limekwisha kuwa Kiswahili. Linalodaiwa sasa ni nyongeza inayotaja ni giaboksi ipi.