Kibali Kinachopima Nchi

Kutoka Uvira hadi Bujumbura ni chini ya kilomita 40. Ukivuka mpaka Kavimvira na kupita Gatumba, umefika. Watu wa pande zote mbili za ncha hii ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika wanaelewana kwa Kiswahili, wanaoana, wanauziana ndakala, na tangu Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu (CEPGL) ilipoundwa mwaka 1976 wamezoea kuvuka kwa kipande cha karatasi kinachogongwa muhuri asubuhi na jioni. Ufuo huu mdogo umetoa wachezaji watatu waliofika Ligi Kuu ya Uingereza: Shabani Nonda, Gaël Bigirimana na Saido Berahino. Wote walizaliwa Bujumbura. Nonda alivaa jezi ya Kongo, wengine wawili wakaja kuichezea Burundi. Lakini tukizifuatilia njia zao, tunaona kwamba hakuna kati yao aliyetoka ziwani akaingia moja kwa moja katika klabu ya Uingereza. Mmoja alifika baada ya nchi nyingine tano kumpima kwanza. Wawili walifika wakiwa watoto waliokimbia vita, wala hakuna aliyewauliza habari za mpira. Ninadai kwamba hilo halikutokea kwa bahati. Kwa karibu miaka mia moja, kanuni za Waingereza kuhusu mchezaji mgeni zimepima mambo ambayo mchezaji mwenyewe hana uwezo nayo: kwanza mahali alipozaliwa, baadaye nafasi ya nchi yake duniani, na sasa daraja la ligi anayochezea.

Kanuni hizo hazikuanza kwa chuki dhidi ya Mwafrika. Zilianza kwa hofu ya ajira. Mwaka 1930 kocha wa Arsenal, Herbert Chapman, alikubaliana na golikipa wa Austria, Rudi Hiden, mmoja wa makipa bora wa Ulaya wa wakati wake. Hiden alisafiri mpaka bandari ya Dover, na hapo maofisa wakamrudisha. Wizara ya Kazi ilisikiliza malalamiko ya chama cha wachezaji na ya ligi yenyewe, waliosema kwamba kumlipa Mwaustria ni kumnyang'anya Mwingereza mkate katika miaka ambayo watu wengi hawakuwa na kazi. Mwaka uliofuata Chama cha Soka cha Uingereza kikaandika kanuni: mchezaji wa kulipwa ambaye si raia mzaliwa wa himaya ya Uingereza hawezi kucheza mpaka awe ameishi nchini humo miaka miwili. Kwa mtu anayeishi kwa miguu yake, kukaa miaka miwili bila mshahara wa mpira ni sawa na kufukuzwa. Arsenal yenyewe, baada ya Hiden kurudishwa, ilikuwa imemtumia golikipa Mholanzi, Gerry Keizer, aliyecheza bila malipo, kwa kuwa kizuizi kilimgusa anayelipwa tu.

Kanuni hiyo iliwaacha huru wazaliwa wa makoloni ya Mwingereza, na ndiyo maana Waafrika Kusini walijaa Liverpool katika miaka ya 1930, na Albert Johanneson akaenda Leeds mwaka 1961 bila kizuizi cha miaka miwili. Kijana wa Uvira alikuwa chini ya Mbelgiji, hivyo ramani yake ya mpira ilielekea Brussels na Liège. Wakongo wa kwanza waliopata jina Ulaya walifuata ramani hiyohiyo ya wakoloni: Léon Mokuna alianzia Sporting ya Lisbon mwaka 1954 kisha akahamia Gent, na Paul Bonga Bonga alijiunga na Standard Liège mwaka 1957. Kisha mlango ukafungwa kwa ndani. Serikali ya Mobutu iliwarudisha nyumbani wachezaji waliokuwa Ubelgiji na kuwazuia wengine wasiondoke, ili timu ya taifa iwe na nguvu zake zote. Ilizaa matunda, kwa maana Kongo ilitwaa Kombe la Afrika mwaka 1968 na tena mwaka 1974 ikiitwa Zaire, na kikosi kilichokwenda Kombe la Dunia mwaka huo Ujerumani Magharibi kilikuwa cha wachezaji wa nyumbani watupu. Kilipoteza dhidi ya Scotland 2-0, kikafungwa na Yugoslavia 9-0, na Brazil 3-0. Dunia imekumbuka mabao hayo tisa na kusahau kwamba waliofungwa hawakuwahi kupewa nafasi ya kujipima na ligi kubwa wiki baada ya wiki. Nalitaja hili kwa sababu anayelaumu London peke yake anasimulia nusu ya historia. Kizazi kizima cha Wakongo kilizuiwa na Kinshasa kabla ya kuzuiwa na Dover.

Kanuni ya miaka miwili iliondolewa mwaka 1978, Jumuiya ya Ulaya ilipokataza ubaguzi kati ya raia wa nchi wanachama, na mwaka huohuo Tottenham ikawaleta Waargentina Ardiles na Villa. Lakini kwa asiyetoka Ulaya, kibali cha kazi kilibaki, na baadaye kikapewa kipimo cha namba. Mchezaji alitakiwa awe amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu yake ya taifa katika miaka miwili iliyopita, na nchi yake iwe na wastani wa nafasi ya 70 au bora zaidi katika orodha ya FIFA kwa muda huohuo. Sharti la kwanza linamhusu mchezaji. La pili linahusu waziri wa michezo, rais wa shirikisho, bajeti ya tiketi za ndege, na kama nchi ina amani ya kutosha kuandaa ligi. Burundi ilikuwa vitani tangu 1993, na Kivu Kusini iliingia vitani mwaka 1996 kuanzia milima hii hii iliyo juu ya Uvira. Mshambuliaji hodari kiasi gani angeweza kuipandisha nchi ya namna hiyo mpaka nafasi ya 70?

Mfano ulio wazi zaidi umetoka Kenya. Mwezi Januari 2010 Manchester City ilikubaliana na Parma kumnunua kiungo McDonald Mariga. Alikuwa akicheza Serie A, nguzo ya timu yake ya taifa, na klabu tajiri ilikuwa tayari kulipa. Kenya iliwahi kufika nafasi ya 68 mwezi Desemba 2008, lakini wastani wa miaka miwili haukufika 70, na kibali kikakataliwa. Suala hilo likawa la siasa, hata Waziri Mkuu Raila Odinga akaingilia kati. Kabla dirisha la usajili halijafungwa, Mariga akaenda Inter Milan. Miezi minne baadaye Inter ilikuwa bingwa wa Ulaya, naye akiwa kikosini. Wanaotetea orodha ya FIFA husema kwamba nchi inayocheza vizuri huzaa wachezaji wazuri, kwa hiyo nafasi ya nchi ni dalili inayofaa ya uwezo wa mtu. Kama wastani wa watu wengi, sikatai. Lakini kibali hakiombwi na wastani. Huombwa na mtu mmoja mwenye rekodi yake, na katika shauri la Mariga rekodi ilikuwa mezani, imeandikwa na Waitalia, na haikutosha.

Nonda alikipita kizuizi hicho kwa kuzunguka, na huo ndio mlango wa kwanza. Alitoka Vital'O ya Bujumbura, klabu iliyofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992, akaenda Yanga ya Dar es Salaam, kisha Afrika Kusini, Zürich, Rennes na Monaco. Msimu wa 2002-03 alikuwa mfungaji bora wa Ufaransa kwa mabao 26. Mwaka uliofuata aliifunga Chelsea katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Blackburn ilimpata mwaka 2006, kwa mkopo kutoka Roma, akiwa na miaka 29 na magoti yaliyokwisha kuumia. Waingereza walipewa msimu mmoja wa machweo ya mchezaji ambaye miaka yake bora ilikuwa imekwisha kunufaisha wengine. Mbwana Samatta alifuata njia ya aina hiyohiyo: Simba, TP Mazembe ya Lubumbashi, Genk ya Ubelgiji, kisha Aston Villa Januari 2020. Kufikia wakati huo kanuni ilikuwa imekazwa tangu 2015, mwisho ukiwa nafasi ya 50 badala ya 70, na Tanzania ilikuwa mbali zaidi ya 100. Mtu kama yeye hakuwa na njia ya moja kwa moja. Alilazimika kutegemea jopo linalopima mambo mengine kama ada, mshahara na mashindano aliyocheza, na kwa bahati njema alikuwa amefunga bao Anfield akiwa na Genk miezi miwili tu kabla. Hivyo nchi ndogo za Ulaya zikawa mizani: zinachukua hatari, zinalea, zinauza kwa faida, na Uingereza inanunua kitu kilichokwisha kuthibitishwa.

Mlango wa pili ni wa hifadhi, na sheria ya mpira haiujui. Bigirimana alifika Uingereza na familia yake mwaka 2004, Berahino akafika akiwa na miaka 10, baada ya baba yake kuuawa katika vita vya Burundi. Mtoto aliyepewa hifadhi hukua na haki ya kufanya kazi kama jirani zake, kwa hiyo orodha ya FIFA haikuwahusu. Bigirimana alilelewa na Coventry, akasajiliwa na Newcastle mwaka 2012. Berahino alilelewa na West Bromwich Albion, akawa bingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 17 akiwa na England mwaka 2010, na msimu wa 2014-15 alifunga mabao 20 katika mashindano yote. Kanuni ya kikosi cha watu 25, iliyoanza mwaka 2010, inawahesabu wachezaji wa namna hii kuwa zao la Uingereza, kwa sababu walifundishwa humo misimu mitatu kabla ya kutimiza miaka 21. Upande wa Kongo yupo Axel Tuanzebe, mzaliwa wa Bunia aliyekulia Rochdale na kufika Manchester United. Hapa ndipo hoja ya viwango inapovunjika kabisa. Damu ileile, ufuo uleule, umri uleule: anayevuka mpaka akiwa mtoto anaonekana ana kipaji cha Ligi Kuu, na mwenzake aliyebaki Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, au Kalundu, mtaa wa Uvira, anaonekana hafai hata kujaribiwa.

Kuna pingamizi zito kuliko lile la viwango, na linastahili heshima. Husemwa kwamba vizuizi huwalinda watoto wetu. Kila mji wa ukanda huu umewajua mawakala wa uongo, wanaochukua pesa za familia iliyouza shamba, wanamwacha kijana katika mji wa kigeni bila klabu na bila tiketi ya kurudi. FIFA ilipiga marufuku uhamisho wa kimataifa wa walio chini ya miaka 18 mwaka 2001, na tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, klabu zake haziwezi kumsajili mtoto kutoka nje hata kama ni Mfaransa. Katika hilo naziunga mkono bila masharti. Lakini kumlinda mtoto wa miaka 15 ni jambo moja, na kumnyima kibali mtu mzima wa miaka 22 mwenye mkataba halali mkononi ni jambo lingine. Njia ya halali ikiwa finyu mno, tapeli hupata la kuuza: anauza ahadi ya kuuzunguka mlango ambao familia inajua umefungwa.

Mfumo wa sasa ni wa alama. Mchezaji anahitaji 15, akizipata kutokana na mechi za timu ya taifa, dakika za ligi na mashindano ya bara, huku ligi za dunia zikipangwa katika makundi sita. Ligi zetu zimo katika kundi la mwisho. Mwaka 2023 pakaongezwa nafasi chache, hadi nne kwa klabu za madaraja mawili ya juu, kwa wachezaji wasiofikisha alama. Ni nafuu ya kweli, ingawa inategemea klabu kuwa tayari kuitumia nafasi hiyo adimu kwa kijana wa huku badala ya yule wa Brazil. Atakayesema kwamba dawa iko nyumbani, katika ligi imara na viwanja vyenye nyasi, nitakubaliana naye nusu. DRC ilipotulia kimpira ilipanda hadi nafasi ya 28 mwaka 2017. Lakini kijana wa Uvira haonekani Kinshasa, kwa sababu klabu zinazolisha timu ya taifa ziko Kinshasa na Lubumbashi, mbali sana na hapa, na hata Bukavu yenye OC Muungano na Dawa hufikiwa kwa barabara ngumu.

Hasara ya milango hii miwili hupimika kwa fedha pia. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomfundisha mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Samatta alipouzwa kwenda Villa, Simba na TP Mazembe zilistahili fungu lao. Kwa Berahino na Bigirimana, waliotoka ziwani kabla ya umri huo, hesabu ya Bujumbura ilikuwa sifuri. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, ambayo husoma pasi ya kielektroniki ya mchezaji: kila msimu, kila klabu iliyomsajili, tarehe kwa tarehe. Mtoto wa miaka 12 anayecheza Kalundu au Kasenga leo bila kadi ya shirikisho hana mstari hata mmoja katika pasi hiyo, na miaka anayofundishwa hapa haitaandikwa kwa jina la klabu yoyote.