“Kwangu Inafanya Kazi”: Historia ya Uongo Ambao Sisi Wote Tumesema

Wasee, leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Kuna kikundi cha wakulima wa maziwa upande wa Njoro kilitupa kazi, mimi na rafiki yangu. Kazi rahisi tu: mkulima analeta maziwa asubuhi, karani anapima, anaingiza kilo kwa simu, mkulima anapata meseji. Mimi nilikuwa naandika nikiwa Free Area hapa Nakuru, mwenzangu akiwa kwao Njoro. Kila mtu na tawi lake, yaani nakala yake ya msimbo anayoibadilisha bila kugusa ya mwenzake. (Msimbo ni ile kitu mtaani tunaita kodi. Si ile ya KRA.)

Mwenzangu kwenye tawi lake alibadilisha namba zote za simu zianze na 254. Mimi kwenye langu niliandika upya sehemu ya kutuma meseji, na nikaweka kasheria kadogo: namba isiyoanza na sifuri ni mbovu, iruke.

Kwangu ilifanya kazi. Kwake ilifanya kazi. Ijumaa usiku tukaunganisha matawi, tukalala kama watu wamemaliza mtihani. Jumamosi asubuhi hakuna mkulima hata mmoja aliyepata meseji. Na kama unajua watu wa maziwa, unajua kukosa meseji maana yake nini: kilo zangu zimeliwa. Karani, mama mtu mzima, aliitwa mwizi mbele ya foleni nzima kwa kosa letu sisi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo vitu vingi najifunza baada ya kuumia. Nilipoanza kusoma venye watu wengine walitoka kwa hii shida, nikagundua ni ya zamani kuniliko.

Twende nyuma kidogo. Miaka ya tisini, kampuni kubwa ziliandika programu hivi: kila mtu anajifungia na sehemu yake kwa wiki au miezi, halafu mwishoni wanakuja kuziunganisha zote. Kuunganisha kwenyewe kungeweza kula wiki zingine. Kundi la kina Kent Beck Marekani likaja na wazo lililoonekana la kichaa: kama kuunganisha kunauma, fanya kila siku. Mwaka 2000 Martin Fowler na Matthew Foemmel wakaandika makala yaliyoeneza wazo hilo, na mwaka 2001 kampuni ya ThoughtWorks ikatoa programu ya bure iitwayo CruiseControl. Kazi yake ilikuwa kukaa macho. Ukiingiza mabadiliko kwenye shina, yaani msimbo mkuu wa timu, yenyewe inauchukua, inaujenga upya kutoka mwanzo, inaupima, halafu inapiga kelele kama umevunja kitu. Ilifanya hivyo kwenye seva safi, pembeni, si kwa laptopu yako yenye vitu ulivyoweka mwaka jana ukasahau.

Sasa shikilia huo mwaka 2001, juu kuna kitu kilitokea karibu na sisi mwaka huohuo.

Mosoriot, kule Nandi, si mbali na Eldoret, kituo cha afya cha mashambani kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Ilikuwa kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Mfumo ulijengwa kwa Microsoft Access, na kwa kituo kimoja ulitosha. Lakini wagonjwa wa Ukimwi waliotibiwa chini ya mpango wa AMPATH waliongezeka haraka, vituo vikawa vingi, na mfumo ukaanza kuzidiwa. Mwaka 2004 madaktari wawili wanaojua kuandika programu, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikuja Eldoret kuangalia shida hiyo. Walichoanza kujenga baada ya hapo kinaitwa OpenMRS, na kilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Mwaka huohuo kikafika Rwanda. Leo KenyaEMR, mfumo unaotumika kwenye mamia ya vituo vya afya nchini, umejengwa juu yake.

Hapa ndipo historia inanigusa. Msimbo wa OpenMRS uko wazi. Mtu yeyote, popote, anaweza kupendekeza mabadiliko. Sasa jiulize: unakubalije msimbo wa mtu hujawahi kumwona, uingie kwenye programu inayoshika dawa za mgonjwa wa Eldoret? Huwezi kumwita ofisini umuulize shule alisoma. Walichofanya ni kuweka seva ya kujenga na kupima, kwa miaka mingi wakitumia programu iitwayo Bamboo, ili mabadiliko ya kila mtu yapite mlango mmoja. Binadamu bado anasoma msimbo wako kabla haujaingia, lakini mashine ndiyo inatangulia, na haiulizi uliishia mwaka wa ngapi chuoni.

Sawa. Basi mbona mimi na mwenzangu tulianguka, miaka yote hiyo baadaye? Kwanza, hatukuwa na mashine yoyote. Lakini hata tungekuwa nayo, tungeweza kuanguka bado, na hii ndiyo sehemu watu wengi hawaambiwi.

Mashine za kwanza ziliangalia shina peke yake. Matawi hayakuwa shida kubwa wakati huo, juu kwenye mifumo ya zamani kama Subversion kuunganisha tawi lililokaa kulikuwa maumivu, watu wakayaogopa. Halafu mwaka 2005 Linus Torvalds akaleta Git, na kufungua tawi kukawa kazi ya sekunde moja. GitHub ikaja 2008. Mwaka 2010 Vincent Driessen akaandika makala yaliyosambaa sana, akichora venye timu inaweza kufungua tawi kwa kila kipengele kipya. Kila mtu akaiga.

Shida? Seva bado zilikuwa zinaangalia shina. Tawi lingeweza kukaa wiki tatu bila kujengwa na mtu yeyote ila mwenyewe. Kama ulitumia Jenkins na unataka tawi lako lijengwe, mtu alilazimika kunakili maagizo ya kazi kwa mkono, tawi kwa tawi, na kuyafuta tawi likifa. Nani ana hiyo subira? Tukarudi miaka ya tisini bila kujua, kila mtu amejifungia tena.

Kilichotuokoa ni kitu kidogo: maagizo ya kujenga yaliwekwa kwenye faili ndani ya msimbo wenyewe. Travis CI, iliyoanza Berlin mwaka 2011, ilifanya hivyo. Jenkins 2.0 ikafuata 2016, na GitHub Actions ikafunguliwa kwa wote Novemba 2019. Ukifungua tawi, maagizo yanatoka nalo. Mashine inaliona, inalijenga, inakupa tiki ya kijani au alama nyekundu. Hakuna kunakili kitu.

Lakini hebu rudi Njoro. Tawi langu lingepata tiki ya kijani. La mwenzangu pia. Kijani na kijani, halafu ukiunganisha, nyekundu. Ndiyo maana Fowler na wenzake wamekuwa wakilalamika miaka yote kwamba kujenga tawi peke yake si kuunganisha. Unathibitisha tu kwamba uko sawa ukiwa peke yako.

Dawa iko, na ni hii. Usijenge tawi tu. Jenga pia matokeo ya tawi likishaunganishwa na shina. Kwenye GitHub, ukifungua ombi la kuunganisha, Actions inaweza kujenga nakala ya muda ya tawi lako na shina vikiwa pamoja. Weka sharti kwamba tawi lazima liwe limeshachukua shina la sasa hivi, na kwamba bila kijani hakuna kuingia, hata kwako wewe mwenye mradi. Mwenzangu angeingia kwanza, mimi ningelazimika kuchukua mabadiliko yake, na jaribio moja tu la kutuma meseji lingenikamata hiyo Ijumaa. Pia usiache tawi likae. Siku mbili, tatu, unganisha, futa.

Na tusidanganyane. Mashine inapima tu kile umeiambia ipime. Bila majaribio, tiki ya kijani inamaanisha programu imejengeka, basi.

Najua wengine mtasema hiyo ni ya kampuni kubwa za Nairobi, sisi tuko wawili na laptopu moja ina betri mbovu. Mimi nasema sisi ndio tunaihitaji zaidi. Stima ikipotea Free Area, mashine ya kujenga bado iko macho kwingine. Msimbo ulio wazi unajengwa bure, na hata ule wa siri, GitHub inakupa dakika 2,000 kwa mwezi bila kulipa. Faili yenyewe haizidi mistari 20, unaiweka kwenye folda ya .github/workflows na umemaliza. Na kama huna karatasi ya chuo kama mimi, historia ya tiki za kijani ni kitu unaweza kumwonyesha mteja, akaangalia kazi badala ya cheti.

Jumatatu ile tulienda Njoro alfajiri, tukasimama mbele ya foleni tukasema kosa ni letu, mama hakuiba. Wengine walicheka, wengine hawakutuamini. Siku hiyo jioni nikaandika jaribio la kwanza kwenye mradi wetu: namba inayoanza na 254 lazima ipate meseji. Linapita kabla ya tawi lolote kuingia. Nililipa jina “karani”.