Pivo, Nguzo na Mhimili

Katika mji wa Gisenyi, uliokaa ukingoni mwa Ziwa Kivu na kutengana na Goma kwa mpaka ambao watu huuvuka kwa miguu kwenda sokoni na kurudi, mchezaji mrefu wa mpira wa kikapu huitwa pivo, neno la Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha iliyotangulia katika shule za pande zote mbili. Ilhali Dar es Salaam na Nairobi huitwa senta. Maadamu Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, inajuzu kulitafutia neno hilo tafsiri, wala si tafsiri yoyote, kwani mchezaji hujifunza kazi yake kwa jina analoitwa.

Neno linalomjia mtu upesi ni nguzo, na kwa sura lafaa. Lakini nguzo husimikwa, haiendi wala haigeuki, na aghalabu ndivyo timu zetu zinavyomtumia mrefu wao: humsimamisha chini ya pete, iliyo mita 3.05 juu ya sakafu, angoje mpira uliokosa kuingia, na wenziwe wacheze kana kwamba hayupo. Sheria yenyewe yaikataa nguzo hiyo, kwa sababu katika eneo lililopakwa rangi mbele ya kikapu, lenye upana wa mita 4.9, mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde 3 mfululizo timu yake inapoushika mpira upande wa wapinzani.

Mimi nachagua mhimili. Asili yake ni kuhimili, yaani kuchukua mzigo, na hapo hapo ni jina la kile ambacho vitu vingine hukizunguka, kama tusemavyo mhimili wa dunia. Maana zote mbili ndizo kazi ya mtu huyu. Mtazame anayeijua: amekipa kikapu mgongo, miguu ameitanua, magoti ameyakunja, kiganja amekinyoosha kumwonyesha mwenziwe pa kuutupia mpira. Akiisha kuupokea, humsikiliza mlinzi wake kwa mgongo, kama ameegemea kulia au kushoto. Mguu mmoja hubaki palepale, wa pili ukageuka upande ulio wazi. Akija mlinzi wa pili kumsaidia wa kwanza, bila shaka kuna mshambuliaji aliyeachwa peke yake, na mpira sharti umfikie huyo kabla walinzi hawajarejea. Nathubutu kusema kwamba faida ya mpira ulioingia ndani ukatoka ni kubwa kuliko ya mabao anayoyafunga mrefu mwenyewe, na timu isiyompa mpira ila anapokuwa tayari chini ya pete imemdhulumu.

Katika ulinzi nguzo ina haki yake. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, mwenye kimo cha mita 2.18, alitunukiwa mara 4 tuzo ya mlinzi bora wa NBA. Na Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye mita 2.21, aliyechaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, alisifika kwanza kwa mitupo aliyoizuia. Vijana wetu warefu wameuiga mkono ule ulioinuliwa, na ni vyema. Nataka wafundishwe pia mguu unaogeuka.

Istilahi hii yazaa nyingine bila taabu: mhimili wa chini, aliye karibu na kikapu, na mhimili wa juu, aliye penye mstari wa mitupo huru. Timu yenye warefu wawili isiwapange bega kwa bega wakazibiana njia, bali mpira umfikie kwanza wa juu, na papo hapo wa chini ajipenyeze mbele ya mlinzi wake, amweke mgongoni, aupokee mpira juu ya vichwa vya wote.